Faili za ofisi hazisawazishwi: kutafuta chanzo kwenye OneDrive na SharePoint za Windows

Mwongozo huu unahusu programu ya OneDrive iliyo kwenye kompyuta ya Windows 10 au 11, ile inayounganisha folda za kompyuta na akaunti ya kazini ya Microsoft 365 pamoja na maktaba za SharePoint, yaani hifadhi za mtandaoni za faili za pamoja za ofisi. Majina ya vitufe yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa ndivyo kompyuta nyingi za ofisini zilivyo.

Kabla ya yote, usiiondoe programu na usifute folda yake. Faili nyingi za ofisi hazipotei kwa sababu ya hitilafu yenyewe. Hupotea pale mtu anapokata tamaa, anafuta folda ya OneDrive ili "aanze upya", kumbe ndani yake mna kazi ya siku mbili ambayo haijawahi kufika kwenye seva. Au anafuta folda ya maktaba ya idara, kompyuta inatii, na idara nzima inajikuta haina faili.

Anza na kivinjari

Bofya kwa kitufe cha kulia faili yenye tatizo, chagua "View online". Ikikataa, fungua Chrome au Edge, ingia kwenye akaunti yako ya kazini na uitafute faili hiyo hiyo huko. Linganisha saa ya mabadiliko ya mwisho na ile ya kwenye kompyuta yako.

Kama kwenye kivinjari faili ni mpya na kwako ni ya zamani, tatizo liko kwenye kushusha. Kama kwako ni mpya na kivinjari kina ya zamani, tatizo liko kwenye kupandisha. Hapo nakili faili hiyo mara moja uiweke nje ya folda ya OneDrive, kwa mfano kwenye C:\Akiba, kabla hujafanya lingine lolote. Na kama hata kivinjari kinakataa kukufungulia, kompyuta yako haina kosa. Tatizo ni ruhusa, akaunti au mtandao, na hakuna marekebisho ya OneDrive yatakayosaidia.

Hatua hii haichukui muda, na huondoa mengi ambayo ungeyajaribu bure.

Alama zinasema nini

Tazama wingu dogo kwenye kona ya chini kulia, karibu na saa. Wingu la bluu ni la akaunti ya kazini, jeupe ni la akaunti binafsi. Wengi wanayo yote mawili bila kujua, kisha wanahangaika na lile lisilohusika.

Wingu la kijivu lenye mstari uliolikata maana yake hujaingia kwenye akaunti. Mishale miwili inayozunguka ni kazi inaendelea. Vistari viwili vilivyosimama ni usawazishaji uliositishwa. Pembetatu ya njano inadai ushughulikie akaunti, na mara nyingi nafasi imejaa au nenosiri limebadilishwa. Duara jekundu lenye msalaba mweupe ni kosa la faili au folda fulani. Alama nyekundu ya kuzuia kuingia, mithili ya ile ya barabarani, ni akaunti iliyofungiwa, na hiyo ni kazi ya msimamizi wa mfumo, si yako.

Ndani ya folda kuna alama nyingine. Wingu la bluu kando ya faili ni faili iliyoko kwenye seva tu. Kwenye kompyuta kuna jina lake pekee. Tiki ya kijani ndani ya duara jeupe ni faili iliyoshushwa kwa sababu uliifungua, na mfumo unaweza kuiondoa baadaye kuokoa nafasi. Tiki nyeupe ndani ya duara la kijani lililojaa ni faili uliyoamuru ibaki daima kwa "Always keep on this device". Tofauti ya hizi mbili za mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana, kama itakavyoelezwa chini.

Hakuna wingu lolote

Kwanza bofya kishale cha juu karibu na saa. Huenda limefichwa humo. Kama halipo, andika OneDrive kwenye kisanduku cha kutafutia cha Start na uifungue. Ikiwa inafunguka lakini kesho haipo tena, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Startup apps", hakikisha OneDrive ni "Enabled". Programu za "kusafisha" kompyuta hupenda kuizima ili kompyuta iwake haraka, na mwenye kompyuta haambiwi kwamba faili zake hazipandi tena.

Kama kompyuta bado ni ya Windows 7 au 8.1, usipoteze muda. Uungaji mkono wa OneDrive kwa matoleo hayo ulishakoma. Kwa akaunti za kazini mwisho ulikuwa Januari 2023. Tumia kivinjari hadi mfumo ubadilishwe.

Mishale inazunguka haimalizi

Bofya wingu usome orodha inayojitokeza. Ikiwa inataja faili moja tu kwa saa nzima, tazama ukubwa wake. Kwa kasi ya kupandisha ya KB 100 kwa sekunde, GB 1 inachukua karibu saa 3, na video ya mkutano ya GB 4 inachukua karibu saa 12. Programu haijakwama, inafanya kazi kwa kasi iliyopo. Ihamishe video hiyo nje ya folda mpaka jioni, kazi nyingine zipite.

Kisha angalia kama kuna kikomo cha kasi. Bofya wingu, alama ya gia, "Settings", "Sync and backup", halafu "Advanced settings". "Limit upload rate" na "Limit download rate" zikiwa zimewashwa kwa kiwango cha chini kabisa, yaani KB 50 kwa sekunde, kila kitu kitatambaa. Kikomo hiki huwekwa siku mtandao wa ofisi umeelemewa, kisha kinasahauliwa. Kwa ofisi yenye watu wengi kwenye ruta moja, "Adjust automatically" ni chaguo bora kuliko kuandika namba mwenyewe.

Anayetumia hotspoti ya simu akague jambo la tatu: Windows inaweza kuwa imeutambua mtandao huo kama wa kulipia kwa kipimo, na OneDrive hujisitisha yenyewe kwenye mtandao wa namna hiyo. Utaona vistari viwili vya kusitishwa. Ukiwa na faili moja ya haraka, bofya wingu uruhusu usawazishaji uendelee. Usiuzime ulinzi huo moja kwa moja kama unatumia bando, kwa sababu maktaba moja ya picha inaweza kulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hali ya kuokoa betri nayo husitisha usawazishaji vivyo hivyo. Laptopu iliyokaa siku nzima bila chaja kwa sababu umeme umekatika inaweza kuwa haijapandisha chochote tangu asubuhi.

Ikiwa inasema "Processing changes" bila kutaja faili, idadi ndiyo ya kutiliwa shaka. Microsoft inashauri jumla ya faili zinazosawazishwa kwenye kompyuta moja, maktaba zote zikijumlishwa, isizidi 300,000. Namba hiyo inahesabu hata faili zilizo kwenye wingu tu. Mhasibu aliyebofya "Sync" kwenye maktaba ya kila idara kwa miaka mitano anaifikia bila kujua. Dawa si kompyuta yenye nguvu zaidi. Nenda "Settings", "Account", na kwenye kila maktaba usiyoihitaji chagua "Stop sync", au "Choose folders" ubakize folda za mwaka huu.

Sababu nyingine ya mzunguko usiokoma ni programu mbili kusawazisha folda moja, kwa mfano Dropbox au Google Drive iliyoelekezwa kwenye folda ambayo OneDrive inailinda pia. Kila moja inaona mabadiliko ya mwenzake kuwa mapya. Ibaki programu moja.

Msalaba mwekundu kwenye faili chache

Bofya wingu, kisha "View sync problems". Mara nyingi jibu limeandikwa pale, na kwa kawaida ni suala la jina au njia, yaani mlolongo wa folda hadi kwenye faili.

Herufi zisizokubalika ni hizi: " * : < > ? / \ |. Lakini kwenye Windows huwezi hata kuziandika, kwa hiyo ukizikuta ujue faili ilitoka kwenye Mac au mfumo mwingine. Kinachowasumbua wenye Windows ni vitu visivyoonekana. Nafasi tupu mwanzoni au mwishoni mwa jina haikubaliki, na hiyo huingia mtu anaponakili kichwa cha barua na kukibandika kama jina la faili. Majina kama CON, PRN, AUX na NUL hayaruhusiwi, pamoja na COM0 hadi COM9 na LPT0 hadi LPT9. Jina lenye _vti_ ndani yake linakataliwa. Faili zinazoanza na ~$ hazipandishwi kabisa: hizo ni alama za muda ambazo Word na Excel huacha faili ikiwa wazi, na si kosa la kushughulikia.

Herufi kubwa na ndogo hazitofautishi majina. "Ripoti.docx" na "ripoti.docx" ni jina moja kwa Windows na kwa SharePoint, ingawa mifumo mingine inaweza kuziweka zote mbili kwenye folda moja.

Sasa urefu wa njia, kisa kinachochosha kuliko vyote. Kuna vikomo kadhaa na havilingani. Upande wa SharePoint, njia nzima ikijumuisha jina la faili haiwezi kuzidi herufi 400, na jina moja la folda au faili haliwezi kuzidi 255. Excel ina kikomo chake cha herufi 218 kwa njia nzima. Ndiyo maana unakuta faili ina tiki ya kijani, imesawazishwa vizuri kabisa, lakini Excel inakataa kuifungua na kudai haipatikani. Watu hupanga upya OneDrive mara tatu kwa tatizo ambalo ni la Excel.

Hesabu njia hii:

C:\Users\mhasibu.mkuu\Jina la Kampuni\Idara ya Fedha na Utawala - Documents\Mwaka wa Fedha 2024-2025\Robo ya Pili\Viambatisho vya Ukaguzi wa Ndani\...

Hujafika kwenye jina la faili na tayari umevuka herufi 140. Rekebisha kutoka juu: fupisha folda ya juu kabisa, "FY2425" badala ya "Mwaka wa Fedha 2024-2025", na faili zote zilizo chini yake zinapona kwa pamoja. Lakini badilisha jina hilo kwenye kivinjari, si kwenye kompyuta, na fanya hivyo saa ambazo wenzako hawajafungua faili za humo. Ukibadilisha kwenye kompyuta yako, mabadiliko ya maelfu ya faili lazima yapite kwenye mtandao wako kwanza. Ukikata katikati, nusu iko huku na nusu kule.

Ikiwa jina halina kosa, angalia ukubwa (faili moja isizidi GB 250, hapa ni nadra) na nafasi iliyobaki kwenye akaunti. Faili za Outlook za .pst hupandishwa, ila kwa mwendo wa polepole, na kila ukifungua Outlook zinabadilika. Zitoe humo.

Kuna kufuli, faili inafunguka lakini haihifadhi

Alama ya kufuli kwenye maktaba nzima inamaanisha imekuja kwa kusomwa tu. Kama kwenye kivinjari nako huwezi kuhariri, ni ruhusa: mwombe mwenye tovuti ya SharePoint akupe haki ya kuhariri.

Ila kuna hali ya pili. Kwenye kivinjari unahariri bila shida, kwenye kompyuta kufuli. Hapo sababu ni mipangilio ya maktaba yenyewe. OneDrive hulazimika kushusha maktaba kwa kusomwa tu endapo maktaba inadai faili "itolewe" (check out, yaani mtu aichukue kwa jina lake) kabla ya kuhaririwa, au ina safu za maelezo (columns) ambazo lazima zijazwe, au safu zenye masharti ya kuhakiki. Programu ya kompyuta haina mahali pa kujaza safu hizo, hivyo inazuia kuandika.

Mwenye maktaba aende kwenye gia, "Library settings", "More library settings". Kwenye "Versioning settings" aweke "No" kwenye swali la "Require documents to be checked out before they can be edited?". Kisha akague safu moja moja, na ile yenye "Require that this column contains information" aiweke "No". Baada ya hapo, kwenye kompyuta, "Stop sync" halafu unganisha upya maktaba hiyo. Kama safu hizo zinahitajika kwa utaratibu wa nyaraka, ziacheni, na watu wahariri kupitia kivinjari au wafungue Word moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari. Kumbukumbu zenye mpangilio zina thamani kuliko urahisi wa folda.

Sharti hilo la kutoa faili linazaa dalili nyingine: umepandisha faili, wewe unaiona, wenzako hawaioni. Haijarudishwa rasmi. Kwenye kivinjari ichague, nenda "More", kisha "Check in". Ikiwa aliyeiweka ameacha kazi, msimamizi anaweza kuichukua kupitia "Manage files which have no checked in version".

Faili mbili, moja ina jina la kompyuta mwishoni

Una "Bajeti.xlsx", kisha ghafla "Bajeti-UHASIBU02.xlsx". OneDrive imekuta mabadiliko mawili ambayo haiwezi kuyaunganisha, ikahifadhi yote mawili na kuipa ya kompyuta hiyo jina lake. Usifute yoyote. Fungua zote mbili. Kwa Word tumia "Review", "Compare" uone tofauti. Kwa Excel linganisha karatasi kwa karatasi, kisha hamishia mabadiliko kwenye faili yenye jina la asili.

Likitokea mara moja, mtu alihariri bila intaneti. Likijirudia kila wiki, kuna sababu ya kudumu, nayo ni moja kati ya hizi.

"File collaboration" imezimwa. Iko "Settings", "Sync and backup", "Advanced settings". Ikiwa imezimwa, Word na Excel hazizungumzi na seva moja kwa moja. Zinahifadhi kwenye diski kama faili ya kawaida, na OneDrive inapandisha faili nzima baadaye. Watu wawili wakifanya hivyo dakika zile zile, mgongano hauepukiki. Iwashe kwenye kompyuta zote, si moja tu.

Akaunti hazilingani. Word imeingia kwa akaunti binafsi, OneDrive kwa akaunti ya kazini. Fungua Word, "File", "Account", soma barua pepe iliyoko hapo. Lazima iwe ile ile ya kazini. Hili hutokea sana kwenye kompyuta iliyonunuliwa na kuwashwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Gmail ya mtu.

Faili inazunguka kwa njia nyingine. Mmoja anaipokea kwa WhatsApp, anaihariri kwenye simu, anairudisha kwa kuibandika juu ya ile ya maktaba. Hakuna mpangilio utakaozuia hili. Watumiane kiungo, si faili.

"Locked for editing" na AutoSave iliyofifia

Jina linalotajwa kwenye ujumbe wa kufungwa huenda ni lako mwenyewe. Umeme ulikatika ukiwa umefungua faili, na seva bado inaamini unayo. Funga Excel kabisa, subiri dakika 10 hivi, fungua tena. Usiinakili kwa jina jipya katika muda huo. Hapo ndipo "Bajeti mpya FINAL 2" huzaliwa.

Ikiwa ni jina la mwingine na watu wawili hawawezi kamwe kuhariri pamoja, tazama aina ya faili. Faili za .xls na .doc, muundo wa kabla ya 2007, haziruhusu kuhariri pamoja. Ihifadhi upya kama .xlsx au .docx. Faili iliyofungwa kwa nenosiri ndani ya Excel nayo haikubali. Ondoa nenosiri na utumie ruhusa za SharePoint kuzuia wasiohusika.

Sababu hizo hizo mbili huzima AutoSave, yaani uhifadhi unaojiendesha wenyewe. Ya tatu ni leseni: Office 2016 au 2019 iliyonunuliwa mara moja haina AutoSave kabisa, na kuitafuta humo ni kazi bure. Mwenye Microsoft 365 anayeona imefifia, ahakikishe OneDrive inafanya kazi na faili iko ndani ya folda inayosawazishwa, si kwenye Downloads.

Inaomba nenosiri kila mara, au msimbo 0x8004de40

Angalia saa na tarehe ya kompyuta kabla ya kitu kingine. Kompyuta ya mezani ya miaka mingi huwa na betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma miaka. Vyeti vya usalama vya seva vinaonekana havijaanza kutumika, na muunganisho unakataliwa. Sahihisha saa, "Settings", "Time & language", "Sync now". Tatizo likirudi baada ya kuzima na kuchomoa waya, badilisha betri hiyo.

Msimbo 0x8004de40 unamaanisha programu haifiki kwenye seva. Kama saa ni sahihi, bonyeza Windows+R, andika inetcpl.cpl, nenda "Advanced", hakikisha "Use TLS 1.2" ina tiki. Kisha uliza kama mtandao wa ofisi unapita kwenye seva ya kati (proxy) inayodai jina na nenosiri. OneDrive haiungi mkono seva za namna hiyo, na kivinjari kitaendelea kufunguka vizuri huku OneDrive ikishindwa. Jaribu kwa hotspoti ya simu dakika tano: ikiunganika, tatizo ni la mtandao wa ofisi, na anayehusika ni fundi wa mtandao.

Nenosiri likikataliwa ilhali ni sahihi, huenda kompyuta inatumia la zamani lililohifadhiwa. Zima OneDrive kwa "Quit OneDrive", fungua "Credential Manager", "Windows Credentials", ondoa zile zinazoanza na "OneDrive Cached Credential", kisha ingia upya.

Jina la faili lipo, ila haifunguki ukiwa safarini

Msimbo 0x8007016A au ujumbe kwamba mtoa huduma wa faili za wingu hafanyi kazi unakuja pale OneDrive imezimwa na wewe unafungua faili yenye wingu la bluu. Iwashe tu. Lakini kama uko kijijini hakuna mtandao, hakuna la kufanya, faili haipo kwenye diski.

Linalowashangaza watu ni faili waliyoifungua mwezi uliopita. Ilikuwa na tiki ya kijani kwenye duara jeupe. "Storage Sense" ya Windows inaweza kupangwa iondoe faili ambazo hazijafunguliwa kwa siku kadhaa na kuzirudisha kuwa wingu. Kabla ya safari, bofya kwa kulia folda ya kazi, "Always keep on this device", na usubiri mpaka kila faili iwe na duara la kijani lililojaa. Ukirudi chagua "Free up space". Usitumie "Delete" kwa lengo la kupata nafasi, kamwe.

Faili zimetoweka

Mtu mmoja akifuta faili kwenye folda ya maktaba iliyosawazishwa, zinafutika kwa wote. Ndivyo ilivyo pia kwa faili zilizo ndani ya njia ya mkato iliyowekwa kwa "Add shortcut to OneDrive". Anayetaka kuondoa njia ya mkato atumie "Remove shortcut" kwenye kivinjari. Anayetaka kuondoa maktaba aliyobofya "Sync" atumie "Stop sync" kwanza. Na msitumie njia zote mbili kwa maktaba moja, zinagombana na OneDrive italalamika.

Zikishafutwa, fungua tovuti ya SharePoint kwenye kivinjari, "Recycle bin". Faili hukaa humo siku 93 tangu zifutwe, na muda huo unajumlisha pipa la pili ambalo msimamizi wa tovuti analiona hata kama mtu amemwaga la kwanza. Zichague, "Restore". Zinarudi mahali zilipokuwa.

Kama zimeharibiwa badala ya kufutwa, kwa mfano virusi vimezifunga au mtu amebandika juu yake, bofya faili kwa kulia kwenye kivinjari, "Version history". Kwa kawaida maktaba huhifadhi matoleo hadi 500. Kwa uharibifu wa faili mamia, "Restore this library" kwenye gia inarudisha maktaba yote ilivyokuwa saa fulani ndani ya siku 30 zilizopita. Ila ikumbukwe, inarudisha nyuma na kazi nzuri iliyofanywa baada ya saa hiyo. Kwanza tenganisha kompyuta yenye virusi, la sivyo itaharibu tena zile zilizorudishwa.

Kuweka upya, ikiwa yote yameshindikana

Nakili nje faili ambazo kivinjari hakina toleo lake jipya. Kisha bonyeza Windows+R na uandike:

%localappdata%\Microsoft\OneDrive\onedrive.exe /reset

Windows ikisema haioni faili hiyo, programu imewekwa kwa watumiaji wote wa kompyuta; andika "C:\Program Files\Microsoft OneDrive\onedrive.exe" /reset, alama za kunukuu zikiwa mahali pake. Wingu litapotea na kurudi baada ya dakika chache. Lisiporudi, andika amri ile ile bila /reset.

Hatua hii haifuti faili. Inafuta kumbukumbu za programu kuhusu kilichosawazishwa, kwa hiyo itakagua kila faili upya, na kwenye maktaba kubwa hilo ni suala la saa nyingi. Fanya jioni, acha kompyuta imewaka. Folda ulizokuwa umezitoa kwa "Choose folders" huenda zikarudi. Zichague tena mapema kabla hazijajaza diski. Amri hiyo ndiyo tiba ya 0x80070194 inayojirudia na ya "Processing changes" ambayo haikutokana na wingi wa faili.

Ukiwa unaunganisha upya, folda iwe kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows. Flashi na diski za nje zilizopangwa kwa exFAT au FAT32 hazikubaliki.

Ikibidi kumwita msimamizi, mpelekee toleo la programu kutoka "Settings", "About". Msimbo wa kosa ulivyoandikwa. Kiungo cha faili kutoka kwenye kivinjari. Saa tatizo lilipotokea. Na jibu la jaribio la hotspoti. Kumbukumbu za kiufundi ziko %localappdata%\Microsoft\OneDrive\logs. Zibane kwenye faili moja ya zip kabla ya kuweka upya programu, mwambie na ni hatua zipi umekwishafanya, kwa mpangilio ulizozifanya.